Safari ya Ziwani (Sehemu ya Pili): Uliza Mwezi Kabla ya Kuuliza Hoteli

Juma lililopita niliwaacha wasomaji Rongo, pale barabara kuu ya Kisii kwenda Migori inapotoa tawi la kupitia Rodi Kopany hadi Homa Bay. Tangu hapo watu watatu wameniuliza swali lile lile: hoteli gani nzuri? Hilo ni swali la mwisho. Vyumba vipo Homa Bay mjini, vipo Mbita, na mwenye fedha za kuchezea atavipata hata visiwani. La kwanza la kuuliza ni hili: mwezi umeandama siku ngapi?

Wavuvi wa omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, hufanya kazi gizani. Huweka taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Wadudu hufuata mwanga, omena hufuata wadudu, na wavu huwafuata wote. Mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu. Ziwa zima linang'aa, na omena hana haja ya kukusanyika penye taa moja. Basi siku za mbalamwezi wavuvi wengi hubaki nyumbani kushona nyavu, na mgeni aliyesafiri kutwa nzima kuja kuona taa hizo hulala akidhani amedanganywa. Aje siku za giza. Akisimama ufuoni Mbita saa mbili usiku ataona taa zimejipanga hadi mwisho wa macho, ungedhani ng'ambo kuna mji mkubwa uliosahauliwa kwenye ramani. Kukicha mji haupo. Kilichopo ni omena waliotandazwa juu ya nyavu kuukuu, na akina mama wanaowageuza kwa mikono huku wakiwafukuza yangeyange.

Jambo jingine la kalenda: kwa kawaida uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaliane. Sehemu ya miezi hiyo ni masika, na njia za udongo huwa tope tupu. Mimi ningechagua Januari, Februari au Agosti.

Ukishapata mwezi, tafuta saa. Asubuhi ziwa hutulia. Jua likishapanda, nchi kavu hupata joto kuliko maji, hewa yake hupaa, na upepo wa ziwani huingia kujaza nafasi. Alasiri mawimbi huanza kupiga boti ubavuni. Nilijifunza hili kwa aibu. Nilifika kivukoni saa tisa mchana, begi mgongoni, nikamwambia mwenye boti kwamba nimechelewa, twende haraka. Alinitazama, akatazama maji, akasema: "Jaduong' (mzee), ziwa halijui kama umechelewa." Nililala huko huko, nikavuka saa moja asubuhi juu ya maji laini kama mafuta. Vaa jaketi la kuokoa maisha, tena lifunge. Kulikalia kama mto si kulivaa.

Wenzetu wenye viza huota Geneva, ziwa na milima. Sina ugomvi nao. Ila ziwa la Geneva lina takriban kilomita za mraba 580, na uso wake uko mita 372 juu ya bahari. Victoria lina karibu kilomita za mraba 68,800, na uso wake uko mita 1,134. Kwa hesabu hiyo, wa milimani ni sisi. Theluji tu ndiyo hatuna.

Anayeanzia Migori asikimbilie maji moja kwa moja. Kilomita zipatazo 46 kaskazini-magharibi mwa mji huo iko Thimlich Ohinga, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2018. Ni maboma ya mawe yanayodhaniwa kujengwa karne ya 16, na katika kuta zake hakuna saruji wala udongo wa kushikilia. Sogea karibu uone ujanja wake: uso wa nje na uso wa ndani umepangwa kwa mawe makubwa, na katikati pamejazwa vijiwe vidogo vinavyobana pande zote mbili. Hivyo ndivyo kuta zilivyosimama, nyingine zikifikia mita 4 na zaidi. Milango ni mifupi makusudi. Adui alilazimika kuinama, akaingiza kichwa kwanza, na ndani kulikuwa na watu wanaomngoja. Hata leo utaingia umeinama. Panahitaji nusu siku, na wanaopita kwa dakika ishirini wakipiga picha wangebaki tu nyumbani.

Ruma, katika bonde la Lambwe, ndiyo mbuga pekee nchini Kenya yenye korongo, swala mkubwa mwenye uso wa weupe na weusi. Kiingilio hulipwa kwa mtandao wa eCitizen, kwa hiyo lipia kabla hujafika mahali simu inapokosa mawimbi. Bonde lile lilijulikana kwa mbung'o, nao hupenda rangi ya buluu na nyeusi. Vaa kahawia.

Kisiwa cha Rusinga unakifikia kwa gari kupitia daraja la Mbita. Hapo awali palikuwa na tuta lililoziba mkondo wa maji. Huko Kasawanga ndiko alikozikwa mwanasiasa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Katika kisiwa hicho hicho ndiko Mary Leakey alikopata fuvu la Proconsul mwaka 1948, nyani wa kale wa mamilioni ya miaka. Mtu akiwa na siku moja tu, namwambia aimalizie hapo Rusinga, ale ngege wa kuchemsha kwa ugali wa wimbi, kwa vidole.

Usiogelee kwenye maji ya pembeni yenye majani: kichocho kipo, na viboko wapo. Lala ndani ya chandarua hata kama mwenyeji anasema mbu wamepungua.

Juma lijalo tutavuka kwenda Mfangano kuona michoro ya miambani. Anayetaka kuandamana nami aangalie kwanza mwezi, kisha ndipo apige simu hotelini.