Wingu Lililopita Kando: Waangalizi wa Dhoruba wa Homa Bay na Migori

Mvua ya radi hutoka katika wingu refu lililosimama wima, ambalo ndani yake hewa yenye joto na unyevu hupanda kwa kasi, chembe za barafu na matone hugongana na kugawana chaji za umeme, na umeme huo, ukizidi, hupasua anga kwa mwanga unaoonekana kwanza na ngurumo inayosikika baadaye. Barani Ulaya na Amerika Kaskazini wingu la namna hiyo husubiriwa hasa katika miezi ya kiangazi chao, kuanzia Juni hadi Agosti. Katika kaunti za Homa Bay na Migori, kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Viktoria, hakuna haja ya kusubiri kiasi hicho, kwa sababu mvua za masika, ambazo Wajaluo huziita chwiri, hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, zile za vuli, yaani opon, hurudi kati ya Oktoba na Desemba, na hata baina ya misimu hiyo miwili ziwa halikomi kutoa mvuke unaoweza kugeuka dhoruba katika muda wa mchana mmoja.

Kufuatilia dhoruba bila kuwa mtaalamu wa hali ya hewa ni shughuli inayojulikana duniani kwa sura yake ya Kimarekani. David Hoadley, anayehesabiwa miongoni mwa waanzilishi wake, alianza kuzifuata kwa gari katika jimbo la North Dakota mwaka 1956, na mwaka 1977 akaanzisha jarida la wenzake wenye hamu hiyo. Serikali ya Marekani nayo ina mpango wa Skywarn, unaofunza maelfu ya raia wa kujitolea kutoa taarifa ya kile wanachokiona kwa macho yao. Kandokando ya ziwa letu mwangalizi hana sababu ya kulikimbiza wingu. Ni mvuvi anayetazama upeo wa maji kabla ya kusukuma mashua, ni mkulima wa mahindi anayesikiliza ngurumo kutoka upande wa Kisii, ni mwalimu aliyekabidhiwa kipimamvua katika uwanja wa shule, ni kijana anayelinganisha picha ya setilaiti iliyo kwenye simu yake na mnara mweupe unaojijenga nyuma ya Mlima Homa. Hawa hawafuati dhoruba kwa ajili ya burudani tu, ingawa raha ya kuitazama ipo na hakuna haja ya kuikana. Wengi wao huitazama kwa sababu maisha yao yako ndani ya kile inachokileta.

Ili kuelewa wanachokitazama, yafaa kwanza kulielewa ziwa lenyewe, ambalo lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, limekaa mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sehemu iliyo ndani ya Kenya ni asilimia 6 tu ya eneo hilo. Maji hupata joto polepole na huliachilia polepole kuliko ardhi. Jua linapopanda, nchi kavu hupata joto upesi, hewa iliyo juu yake huwa nyepesi na kuinuka, na nafasi yake huchukuliwa na hewa ya ziwani inayovuma kuelekea bara; huo ndio upepo wa ziwani, ambao kila mkazi wa Mbita au Sori huuhisi adhuhuri. Upepo huo, ukiwa umebeba unyevu, husonga mashariki hadi kwenye miinuko ya Kisii na Kericho, hukutana huko na pepo zinazotoka upande wa mashariki, na kwa kuwa hewa mbili zinazokutana hazina pa kwenda ila juu, mawingu ya radi huchipuka kati ya saa nane mchana na jioni. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa upesi, hewa yake nzito huteremka na kuvuma kuelekea ziwani kutoka pande zote, na pepo hizo zinapokutana juu ya maji yaliyobaki na joto, dhoruba huzaliwa katikati ya ziwa na hasa upande wake wa magharibi, kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi.

Mwaka 2016 kundi la watafiti lililoongozwa na Mbelgiji Wim Thiery lilichapisha katika jarida la Nature Communications matokeo yanayostahili kujulikana na kila anayeishi kando ya ziwa hili. Walionyesha kwamba dhoruba kali za usiku juu ya maji zina uhusiano na dhoruba za alasiri iliyotangulia juu ya nchi kavu, kiasi kwamba mtu anayejua jinsi mchana ulivyokuwa kwenye miinuko ana dokezo la jinsi usiku utakavyokuwa ziwani. Walionyesha pia kwamba, dunia ikiendelea kupata joto, mvua kali kupindukia juu ya ziwa huenda zikaongezeka kwa kasi inayokaribia mara mbili ya ile ya nchi kavu inayolizunguka. Kwa hiyo mzee wa ufuoni anayetazama mawingu ya Kisii jioni ndipo aamue kama vijana watoke anafanya jambo lenye msingi, na ni haki kusema hivyo waziwazi, kwa kuwa maarifa ya aina yake yamedharauliwa kwa muda mrefu.

Hatari yenyewe ni kubwa. Omena, yaani dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku, na hasa usiku wa giza la mwezi, wakati taa zinazoelea juu ya maji huvuta samaki kwa urahisi; maana yake ni kwamba wavuvi wa omena huwa ndani ya maji saa zilezile ambazo ziwa hutengeneza dhoruba. Makadirio yanayotajwa mara nyingi husema kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa kila mwaka katika ziwa zima, wengi wao wakiwa wavuvi waliokumbwa na upepo na mawimbi katika mashua ndogo za mbao. Kwa kawaida upepo huo hutangulia mvua, kwa sababu hewa iliyopozwa na matone ndani ya wingu huanguka kwa uzito wake, hugonga uso wa maji na kusambaa pande zote kwa ghafla, hata mashua iliyo umbali wa kilomita kadhaa ikapigwa na wimbi kabla ya tone la kwanza. Kuna pia nyakoi, ule mkonga wa maji unaozunguka na kuning'inia kutoka chini ya wingu hadi ziwani, ambao hutazamwa kwa mshangao na watu walio ufuoni, lakini kwa aliye majini ni ishara ya kugeuza chombo mara moja.

Upande wa vyombo vya kupimia, hali imebadilika kwa njia inayotia moyo. Kwa miongo mingi Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya imetegemea wasomaji wa kujitolea walioko shuleni, katika misheni na mashambani, ambao kila siku saa tatu asubuhi husoma kipimamvua na kuandika tarakimu moja, kila milimita ikiwa sawa na lita moja ya maji katika mita moja ya mraba. Mpango wa TAHMO, wenye makao yake Nairobi na ulioasisiwa na Nick van de Giesen wa Delft pamoja na John Selker wa Oregon, huweka vituo vidogo vinavyojiendesha, vingi vyake katika shule, kwa lengo la kufikia vituo 20,000 barani Afrika. Mradi wa HIGHWAY, ulioanza mwaka 2017 kwa ushirikiano wa idara za hali ya hewa za Afrika Mashariki, Shirika la Hali ya Hewa Duniani na Uingereza, ulileta utabiri wa ziwani uliotengenezwa kwa ajili ya wavuvi, ukitaja upepo, mawimbi na radi, na kupelekwa ufuoni kupitia redio za lugha za wenyeji na vikundi vya usimamizi wa fuo, maarufu kama BMU.

Lakini vyombo havijaondoa kitu kimoja, nacho ni kuvunjika moyo. Mwangalizi wa pwani ya Homa Bay huona mara nyingi wingu likijijenga mbele ya macho yake, kilele chake kikitandaa kama fuawe la mhunzi, akasikia ngurumo, akanusa harufu ya mvua iliyoanguka mbali, kisha jioni ikaisha kavu. Sababu yake inajulikana. Wakati wa mchana upepo wa ziwani huyasukuma mawingu mbali na ufuo, na hewa iliyo juu ya maji yenyewe hushuka badala ya kupanda, hivyo ukanda mwembamba wa pwani hubaki kama mtazamaji wa mvua za wengine. Mbita, palipo na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, hupata takriban milimita 900 za mvua kwa mwaka, ilhali Kisii, kilomita zisizofika 100 kutoka hapo, hupata karibu milimita 2,000. Zaidi ya hayo, wingu moja la radi huishi kati ya nusu saa na saa moja tu, likianza kujiua lenyewe pale hewa baridi inayoanguka inapoziba njia ya ile yenye joto iliyokuwa ikililisha. Utabiri unaweza kusema kwa haki kwamba mvua za radi zitanyesha hapa na pale Nyatike na Suba. Haujapata bado uwezo wa kusema asubuhi ni shamba gani litakalolowa na lipi litakalorukwa.

Historia ya utabiri wa dhoruba ina mfano mmoja unaofaa kutafakariwa hapa. Mwaka 1884 mwanajeshi wa Marekani John Park Finley alianza kutabiri tonado, yaani kimbunga chembamba chenye nguvu kinachogusa ardhi, na katika tabiri zake 2,803 alidai kupatia kwa asilimia 96.6. Mwanajiolojia G. K. Gilbert akazichambua hesabu hizo. Finley alitangaza hatari mara 100, na katika hizo tonado zilitokea mara 28 na kukosekana mara 72. Mara 23 zilitokea bila yeye kuzitangaza. Katika tabiri nyingine zote hakutarajia kitu wala hakikutokea. Ilidhihirika kwamba mtu ambaye kila mara angesema hakutakuwa na tonado angepatia kwa asilimia 98.2, akimshinda Finley bila kumwokoa hata mtu mmoja. Hesabu hiyo ndiyo inayowakabili watu wa Muhuru na Sindo hadi leo, kwa kuwa anayepuuza kila onyo ataonekana mwerevu karibu kila usiku, mpaka usiku ule mmoja.

Hapa ndipo kuvunjika moyo kunapoacha kuwa hisia ya mtu binafsi na kuwa jambo la usalama wa wote. Mvuvi aliyelala nyumbani kwa sababu ya onyo, kisha akaamka na kukuta ziwa limetulia kama kioo, amepoteza mapato ya usiku mzima, huku mafuta na taa alizokopa zikidaiwa. Akipatwa na hayo mara tatu mfululizo, si ajabu onyo la nne asilisikilize. Kumwambia awe na subira hakutoshi. Kinachosaidia zaidi ni kumweleza kwa namba maana ya onyo, kwamba uwezekano wa dhoruba wa mara 4 katika 10 maana yake ni kwamba usiku 6 kati ya 10 utapita salama na bado onyo likawa sahihi. Kinachosaidia pia ni kumbukumbu ya pamoja, kwa sababu dhoruba iliyokosekana Karungu huenda iliishukia Mfangano au Migingo usiku huohuo, na mwenye kujua hilo haoni tena kwamba amedanganywa. Kikundi cha ufuo kinachoandika kila onyo na kilichofuata, yaani dhoruba ilikuja, haikuja, ilikuja bila kutangazwa, hupata baada ya msimu mmoja picha ya kweli ya uzito wa maonyo hayo, na idara ya hali ya hewa ikipokea daftari hilo hupata kitu ambacho setilaiti haiwezi kuipa.

Kwa anayetazama kwa hamu tu, yapo mambo machache yasiyo na mjadala. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu, hivyo sekunde 30 kati ya mwanga na ngurumo maana yake ni umbali wa kilomita 10, na katika umbali huo umeme unaofuata unaweza kumpiga mtazamaji mwenyewe. Muda ukipungua kufikia hapo, aingie katika jengo imara au gari lililofungwa, na asitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kibanda cha nyasi na kivuli cha mti havikingi, na darasa lisilo na kingaradi si salama vya kutosha, kama ilivyoonekana nchini Uganda mwezi Juni 2011, radi ilipoua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo. Shule zetu za Nyatike, Suba na Rachuonyo, zilizojengwa juu ya vilima vilivyo wazi kuelekea ziwani, zinastahili kingaradi kabla ya msiba.

Masika yajayo yatakapoanza mwezi Machi, msomaji wa Sori, Sindo, Mbita au Muhuru mwenye kipimamvua na daftari ana kazi ya maana mbele yake: aandike saa ambayo wingu lilionekana, upande lilikoelekea na mvua iliyopatikana, na asiache kuandika, saa tatu asubuhi, zile siku ambazo kipimamvua kilikutwa kikavu.