Katubi ya Mweru na wanaoiita ulevi

Kuna lawama ambayo wavuvi wa Ziwa Mweru wameizoea masikioni: kwamba wanavua usiku ili wanywe mchana. Mgeni akifika Nchelenge, mkoa wa Luapula, Zambia, asubuhi na kuwakuta wanaume wamekaa kivulini wakinywa, papo hapo hujiona ameshawajua. Haelewi kwamba wengi wao walikuwa majini usiku kucha na taa zao wakivua chisense, dagaa wa ziwa hili, na kwamba saa yao ya kupumzika ndiyo saa aliyoamka yeye. Wala haulizi kinywaji kile kimepikwa na nani, kwa sababu gani.

Kinywaji chenyewe, kwa wazee wa Luapula na wa nchi ya Wabemba, ni katubi. Mwanamke huloweka ulezi, huuotesha, huuanika na kuusaga uwe kimea, hupika, kisha huacha uchachuke kwa siku kadhaa. Katubi haichujwi. Machicha yake mazito hutiwa kibuyuni, yakamiminiwa maji ya moto, na wanywaji hufyonza kwa mirija. Maji yakiisha huongezwa mengine, na mengine tena, mpaka ulezi utoe nguvu yake yote. Katubi haigugumiwi. Maji ni ya moto, mrija ni mwembamba, kibuyu ni cha wote. Mtu hufyonza kidogo, humpisha mwenzake, husikiliza habari za bei ya samaki na za mgonjwa aliyelazwa St Paul's kule Kashikishi. Mwenye ugomvi na jirani hujikuta wameinamia kibuyu kimoja. Ni vigumu kumnunia mtu kwa namna hiyo hadi jioni.

Klabu ya kijiji, basi, ilikuwa ua wa nyumba ya mpika pombe, na siku yake ilikuwa siku pombe ilipoiva. Haikuhitaji kibao wala kaunta.

Mwanaanthropolojia Audrey Richards, aliyeishi na Wabemba mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1939, aliona wazi kwamba pombe ndiyo iliyowaita watu shambani. Mwenye shamba kubwa kuliko mikono yake alipika, majirani wakaja na majembe, kazi ikaisha, ndipo wakanywa. Msomaji wa Tanzania aliyekulia kwenye kilimo cha ujima hahitaji kuelezwa zaidi. Huku Mweru jambo hilo lina uzito wake, kwa sababu uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, nayo ndiyo miezi ya mvua na ya jembe. Ziwa likifungwa, fedha hukauka. Mjane asiyekuwa na fedha ya kumlipa kibarua, ila alikuwa na ulezi wake, bado aliweza kulimiwa mihogo.

Wazee waliotangulia nao wana sehemu yao. Kila mwisho wa Julai, kule Mwansabombwe, maelfu ya watu hukusanyika kwa sherehe ya Mutomboko kumtazama Mwata Kazembe, chifu mkuu wa Walunda, akicheza na upanga na shoka. Wapiga picha huusubiri mchezo huo. Lakini kabla yake, Mwata huenda Mto Ng'ona akawatolea chakula na kinywaji Chinyanta na Kasombola, wahenga wa Walunda waliokufa maji. Anayeita pombe ya jadi uchafu na asimame ukingoni hapo aone inakopelekwa.

Kuhusu makanisa, ambayo ufukoni hapa ni mengi na baadhi yake yamekataza pombe tangu mwanzo, kila muumini anajua kiapo chake. Yaishie hapo.

Katubi haikuvunjwa na mahubiri. Ilivunjwa na fedha. Kabla ya uhuru, wafanyabiashara Wagiriki wenye makao yao Kasenga, upande wa Kongo, walinunua samaki wa Luapula na Mweru kulisha miji ya migodi ya Katanga. Vijana wa Luapula nao walikwenda Copperbelt, eneo la migodi ya shaba, ambako serikali ya kikoloni ilizipa halmashauri za miji ukiritimba wa kuuza pombe katika mabaa yao makubwa, huku mwanamke aliyepika nyumbani akikamatwa. Baadaye, katika miaka ya 1950, kiwanda cha Kitwe kikaanza kutoa pombe ya Chibuku. Waliorudi nyumbani walirudi na mazoea ya kulipa na kunywa, kila mtu na kopo lake. Wanawake wa ufukoni hawakukaa bure. Waliuza walichopika na kusomesha watoto. Katika jamii inayofuata ukoo wa mama, fedha ya mwanamke ni yake, na mapishi ya pombe yalikuwa mlango wake wa uhakika.

Mlango huo sasa umebanwa. Upande mmoja iko kachasu, ndugu ya gongo na ya lutuku ya Kongo, kali na haramu. Upande mwingine kuna pombe kali za viwandani za bei ya chini. Zile za vipakiti, tujilijili, zilipigwa marufuku nchini Zambia mwezi Aprili 2012, lakini pombe kali ya bei rahisi haikuisha. Chupa ndogo ya plastiki inatosha mfukoni. Kijana huimaliza peke yake, amesimama, kwa dakika chache. Hapo hakuna jirani wa kumpisha mrija wala mzee wa kumwambia imetosha. Huo ndio ulevi ambao mgeni angestahili kuulalamikia, nao haukuanzia kwenye kibuyu.

Kumtia mpika katubi kapu moja na mpika kachasu ni kosa. Halmashauri ya Nchelenge iwape wanawake wanaopika pombe ya ulezi leseni nyepesi, ya ada wanayoimudu, na mahali safi pa kuuzia karibu na masoko ya samaki. Na shule za wilaya ziwaalike wanawake hao wakiwa bado hai, wawafundishe watoto kuotesha ulezi.