Majivu si Kitu Kimoja: Istilahi za Utando wa Kioo katika Ufinyanzi

Ufinyanzi ni kazi ya kale kwetu, na maneno yake mengi tunayo: udongo, kigae, tanuri, kufinyanga, kuchoma. Upungufu hujitokeza pale mtafsiri anapokutana na vitabu vya kigeni vinavyoeleza ule utando mgumu unaong'aa juu ya sahani na vikombe. Wako wanaouita "rangi", na wako wanaouita "vanishi". Majina yote mawili yanapotosha. Rangi hupakwa ikakauka. Utando huu ni kioo hasa, kilichoyeyukia juu ya chombo ndani ya tanuri na kushikamana nacho. Kwa hiyo tunapendekeza uitwe utando wa kioo.

Mifano yake ilifika pwani yetu zamani, kama mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi. Wachina walianza kutumia majivu ya kuni kutengenezea utando wa kioo zaidi ya miaka 3000 iliyopita. Katika miaka ya 1920 na 1930, Katharine Pleydell-Bouverie, mfinyanzi wa Coleshill, Uingereza, alijaribu majivu ya miti na mimea ya namna nyingi, akapata tando zenye sura mbalimbali.

Hapa ndipo mtafsiri anapopaswa kuwa mwangalifu. Utando wa kioo huhitaji vitu vya aina tatu, nasi tunapendekeza viitwe kwa kazi zake:

(a) Kiundakioo. Hiki ni silika, ambayo peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 1700 hivi za Sentigredi. Makumvi ya mpunga yakichomwa vizuri huacha majivu ambayo takriban asilimia 90 ni silika.

(b) Kiyeyushi. Hiki hushusha joto hilo hadi kiasi cha nyuzi 1250. Majivu ya kuni, yenye chokaa na potasi, hufanya kazi hii. Magadi pia huifanya, ila humumunyika katika maji kabla ya kuyeyuka kwa moto; vitenzi hivyo viwili visichanganywe.

(c) Kishikizi. Hiki ni alumina itokayo katika udongo, nacho huzuia utando usitiririke.

Basi kuandika "chukua majivu" hakutoshi. Majivu ya makumvi yamo katika fungu (a), na ya kuni katika fungu (b). Mwanafunzi akitumia ya makumvi mahali pa ya kuni, chombo hutoka na unga mkavu usioyeyuka. Akifanya kinyume chake, utando hutiririka na kukigandisha chombo na sakafu ya tanuri. Neno moja lililoachwa hupoteza kazi na kuni za siku nzima.

Kwa vitu vinavyochanganywa na udongo wenyewe ili usipasuke, tunapendekeza kizuiaufa. Hapa pia kitu chenyewe kitajwe: unga wa vigae na mchanga hubaki ndani ya chombo, lakini samadi na makapi huungua na kuacha vitundu.

Yawezekana wafinyanzi wetu wanayo majina bora kuliko haya. Tunawaomba walimu, watafsiri na watumishi wa serikali walio karibu nao wayakusanye na kutuletea, kabla istilahi hizi hazijasanifishwa.