Ukoko mweupe kwenye birika la umeme: uondoe bila kukwangua

Chungulia ndani ya birika lako la umeme, lile ambalo wengine tunaliita jagi. Kama umelitumia kwa miezi kadhaa, huenda utaona utando mweupe chini, mgumu kama plasta ya ukuta. Ukimimina maji, vipande vyake vinaelea juu ya kahawa. Wasikilizaji wetu wa Nyantakara na vijiji jirani wanatuuliza kama kitu hicho ni sumu, na kinaondolewaje. Wapo waliokwisha kukijaribu kwa stili waya, na wengine kwa ncha ya kisu.

Weka kisu chini kwanza.

Ule ukoko ni chokaa. Maji yanapopita ardhini huyeyusha madini ya mawe kidogo kidogo, na yakitoka kisimani au bombani yanaonekana meupe safi kabisa. Ukiyachemsha, madini yale yanaganda na kushika pale penye joto kali zaidi, yaani kwenye koili. Ukimeza kipande hutadhurika. Kama unataka kujua maji yako yana madini mengi kiasi gani, nawa mikono kwa sabuni: povu likikataa kutoka, yana madini mengi. Maji ya mvua hayana kabisa, kwa hiyo anayekinga maji ya bati kwa ajili ya chai na kahawa hausumbuliwi sana na ukoko. Ila aache mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati kabla ya kukinga, na ayachemshe kama maji mengine.

Kama si sumu, kwa nini tuhangaike nao? Kwa sababu unaua birika. Chokaa hupitisha joto polepole, kwa hiyo koili inawaka moto kupita kiasi huku maji yakiwa bado vuguvugu. Utaona birika linajizima kabla maji hayajachemka, na mwishowe koili inaungua. Wengine husema ukoko ndio unaomaliza uniti za LUKU. Sisi tunaona kinachomaliza zaidi ni kujaza birika zima kwa ajili ya kikombe kimoja. Uniti moja huchemsha kama lita 8 au 9 za maji, basi pima kile utakachokunywa.

Sasa dawa yake. Chokaa inaogopa uchachu. Tia maji hadi nusu ya birika, kamulia malimau 2 au ndimu 4, na uchuje mbegu na nyama yake. Chemsha, zima, chomoa waya ukutani, kisha uache kwa saa moja. Utaona viputo vidogo vikipanda: hapo ukali wa limau unaila chokaa. Mwaga, futa kwa kitambaa laini, halafu chemsha maji matupu mara mbili na uyamwage. Ukoko ukiwa mnene, rudia. Asiye na limau atumie siki, kikombe kimoja kwa vikombe viwili vya maji, ila harufu yake hukaa nyumbani siku nzima. Usilitumbukize birika ndani ya beseni, na usiguse kitako chake chenye umeme kwa mikono yenye maji.

Uchafu wa kahawa yenyewe ni jambo jingine, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Kahawa iliyokaangwa na kutwangwa ina mafuta. Mafuta hayo yanashika ndani ya chupa ya chai na kwenye chujio, yanageuka rangi ya kahawia, na baada ya muda yanavunda. Ukipata kahawa yenye ladha chungu ya mafuta ya zamani, usiwahi kumlaumu aliyeikaanga; nusa kwanza chupa. Wanaotumia kahawa ya TANICA ya Bukoba, ile inayoyeyuka yenyewe kikombeni, hawasumbuliwi sana na hilo. Na wazee wa Kihaya wanaotafuna akamwani hawana hata chupa ya kuosha.

Mafuta hayaogopi limau. Yanaogopa magadi. Tia kijiko kikubwa cha magadi ya kupikia, yale ya kwenye maharage, ndani ya chupa, mimina maji ya moto, acha kifuniko wazi kwa nusu saa, kisha tikisa taratibu na usuuze mara tatu. Usitie mchanga wala kokoto kusugulia, kwa sababu kioo cha ndani ni chembamba na kikipasuka chupa imekwisha. Vyombo vya aluminiamu visiwekewe magadi, yanavila; hivyo tumia sabuni ya kuoshea vyombo. Baada ya kuosha, chupa ilale wazi, siyo imefungwa.

Wapo wanaotia limau na magadi pamoja wakifurahia povu. Povu linapendeza macho, lakini vitu hivyo viwili vinamalizana nguvu na unabaki na maji ya chumvi. Kosa hilo ni la hasara tu. Kosa la hatari ni kuchanganya limau au siki na jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Hutoa hewa yenye sumu inayochoma mapafu, na jiko dogo lisilo na dirisha ndipo pabaya zaidi. Ikikutokea, toka nje mara moja, watoto kwanza.

Tena, birika la umeme ni la maji matupu. Maziwa na kahawa vikichemshwa humo vinaungulia kwenye koili na hakuna limau litakaloviondoa.

Kuna nyumba zimeanza kupata mashine ndogo ya kahawa ya kikombe kimoja, aghalabu zawadi ya ndugu aliye mbali. Kanuni ni zile zile, ila bomba lake la ndani ni jembamba sana. Dalili ya kwanza ya chokaa ni kahawa kutoka kwa matone. Pitisha maji ya limau yaliyochujwa kwa kitambaa, maana nyama ya limau itaziba bomba lile lile unalotaka kulizibua, kisha pitisha maji safi mara mbili au tatu. Sinia na tundu la kutolea kahawa vioshwe kila siku kwa sabuni. Na kabla ya kuichomeka kwa mara ya kwanza, soma kibandiko cha chini. Umeme wetu ni volti 230. Mashine iliyoandikwa 110 au 120 peke yake, kama nyingi za kutoka Marekani, itaungua siku hiyo hiyo.