Vumbi la Voi na Gari Linalovuja

Udongo wa Voi ni mwekundu kwa sababu una oksidi za chuma, yaani kutu. Vumbi lake huingia kila mahali, na kwa mwenye gari kuukuu kero hiyo ina faida moja: hunata palipolowa mafuta na kupeperuka palipo pakavu. Fungua boneti ya gari lililotoka Mwatate au Maktau uitazame injini kabla hujaiosha. Palipoganda tope jeusi lenye wekundu ndipo mafuta yalipopita. Ukianza na kuosha, umefuta ushahidi.

Lakini yalipopita sipo yalipotokea. Mafuta hushuka kwa uzito wake, kisha upepo unaopita chini ya gari huyasukuma nyuma. Tone linaloning'inia chini ya giaboksi laweza kuwa limeanzia kwenye gasketi ya tapeti kava, juu kabisa ya injini. Kuna watu wamelipia sili ya nyuma ya kranki, kazi ya kushusha giaboksi nzima, ilhali kilichochoka ni gasketi ya mpira ambayo hubadilishwa mtu akiwa amesimama wima. Basi tafuta sehemu iliyolowa ambayo iko juu zaidi na mbele zaidi. Ukishaipata, sasa osha, kausha, pakaza poda ya mtoto, washa injini ungoje. Mafuta mapya yatachora njia yake kwenye poda.

Ni mafuta gani hasa? Laza katoni chini ya gari usiku kucha. Oili ya injini hudondoka kahawia au nyeusi. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki hutiwa rangi nyekundu kiwandani, na Toyota nyingi za zamani hutumia hayo hayo kwenye usukani, kwa hiyo pahali pa doa ndipo pa kuamua. Mafuta ya difu hunuka salfa, harufu inayotokana na viungo vinavyokinga meno ya gia yasisagane. Rangi ya maji ya rejeta usiiamini sana: ya kijani, ya waridi, ya buluu, kila kampuni na yake. Tia tone ndani ya glasi ya maji. Oili huelea, mafuta ya breki na dawa ya rejeta huyeyuka yakachanganyika. Usionje kamwe. Glikoli iliyomo kwenye dawa nyingi za rejeta ina utamu unaovutia mbwa na watoto, nayo huharibu figo. Na yakiwa maji safi yasiyo na harufu, chini ya miguu ya abiria wa mbele, hiyo ni AC tu inatoa jasho kwa joto la Voi. Usimlipe mtu.

Barabara ya kupanda Wundanyi haina huruma na uvujaji mdogo. Voi iko kwenye mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, Wundanyi zaidi ya 1,300, na kila mita 300 za kupanda hupunguza kiwango cha kuchemka kwa maji kwa takriban nyuzi 1. Kule juu maji ya sufuria huchemka karibu na nyuzi 95. Ndani ya rejeta hayachemki mapema hivyo, kwa kuwa kifuniko huzuia shinikizo lisitoke na kuyafikisha karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Ufa mwembamba kwenye paipu hupoteza shinikizo hilo kabla haujapoteza maji ya kutosha kuonekana chini, ndiyo maana gari huchemsha mlimani na rejeta bado imejaa.

Kuteremka kuna hatari yake, na naiona kubwa zaidi. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 205. Ikishakunywa maji, kiwango hicho chaweza kushuka hadi 140. Yakichemka kwenye kona za kurudi Mwatate hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na kanyagio huzama bila gari kusimama. Kwa hiyo ukiona unyevu upande wa ndani wa gurudumu, safari imeishia hapo.

Spea nayo hujitambulisha. Nambari za Toyota huandikwa kwa mafungu mawili ya herufi au tarakimu tano tano, na fungu la kwanza hutaja aina ya kifaa: 90311 ni sili ya mafuta, 16100 pampu ya maji. Pampu hiyo ina kitundu kidogo chini ya shafti, kilichowekwa makusudi: kikianza kudondosha maji, sili ya ndani imekwisha, na kukiziba ni kuyaelekeza maji kwenye beringi. Sili nyingi za mafuta zimepigwa chapa ya vipimo vitatu, tuseme 35-50-8: kipenyo cha ndani, cha nje na unene, kwa milimita. Ipanguse ya zamani usome kabla ya kwenda dukani. Kisha pitisha ukucha juu ya shafti. Mpira uliokakamazwa na joto la miaka huchimba mfereji kwenye chuma, na sili mpya ikikaa kwenye mfereji ule ule itavuja vile vile. Fundi makini huipachika milimita moja au mbili pembeni, upande wenye springi ukielekea mafuta.