Mshono wa Kibuyu, Pini za Bakuli

Hapa Nyakunguru, kibuyu cha maziwa kikipata ufa hakitupwi haraka. Hutobolewa vitundu pande zote mbili za ufa, uzi ukapitishwa na kukazwa, kibuyu kikarudi kazini. Kazi yangu ni vyombo vya udongo, na kila nionapo mshono huo hukumbuka bakuli moja la chai lililohifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, Japani.

Ni bakuli la kijani lililofinyangwa Longquan, China, karne ya 13. Vyombo vya Longquan vilifika hadi Kilwa, na katika pwani yetu bakuli za Kichina zilipachikwa kwenye kuta za misikiti na makaburi. Wajapani wao walizinywea chai. Husimuliwa kwamba katika karne ya 15 mtawala Ashikaga Yoshimasa aliona ufa katika bakuli hilo, akalipeleka China aletewe jingine mfano wake. Akajibiwa kuwa halipatikani tena. Likarudi limebanwa kwa pini za chuma. Watu wakaziona pini zile kama nzige waliotua, wakaliita kwa jina la nzige. Kovu likawa pambo.

Chai ya unga ilikuwa imeingia Japani na mtawa Eisai, aliyerejea kutoka China mwaka 1191. Kwa muda mrefu wakubwa walithamini bakuli za Kichina, hasa nyeusi za Fujian ziitwazo tenmoku. Aliyewageuza macho zaidi ni Sen no Rikyu (1522–1591), mwalimu wa chai aliyependa chombo kisichojisifu. Kwa ajili yake Chojiro wa Kyoto alifinyanga bakuli za Raku, nyeusi na nyekundu, kwa mikono mitupu bila gurudumu, kama wafinyanzi wetu wa kanda ya ziwa. Ukuta wa kila bakuli ni mnene: chai haipoi upesi wala haiunguzi viganja.

Bakuli za kawaida za Korea nazo zilipata heshima, zikaitwa Ido. Vita vya Japani nchini Korea (1592–1598) vilipopeleka wafinyanzi wa Kikorea Japani, zikazaliwa bakuli za Hagi, na zile za Karatsu zikastawi. Huko Mino, Japani, wafinyanzi wakatengeneza Shino, nyeupe yenye vitundu kama ganda la chungwa, na Oribe, ya kijani iliyopindapinda makusudi.

Bakuli la Hagi hubadilika rangi kadiri chai inavyopenya nyufa zake ndogo miaka nenda miaka rudi. Anayelishika leo anashika pia vinywaji vya waliomtangulia.

Kibuyu nacho hutunza kumbukumbu hivyohivyo, kwa weusi wa moshi na kwa uzi wake. Kama kwenu kipo kilichoshonwa, kishushe, ukiweke mapajani mwa bibi, umuulize ni mkono wa nani uliokishona.