Kinachoshikilia Kiuno Chako: Majibu Kutoka kwenye Kompyuta

Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito wa kilo 20 hivi. Ukiinyanyua ikiwa nusu mita mbele ya kiuno, misuli ya mgongo, iliyo sentimita 5 tu hivi nyuma ya kitovu cha pingili, hulazimika kuvuta kwa nguvu ya kilo 200. Hapo bado hujahesabu uzito wa kichwa, kifua na mikono yako mwenyewe. Hesabu hii ya wenzo, mwanafunzi wa fizikia wa sekondari anaimudu. Kazi inaanza ukiuliza ni misuli ipi inayovuta, kila mmoja kwa kiasi gani, na kwa amri ya nani.

Kiuno kina pingili 5, na kati yake kuna diski zinazopokea mzigo. Mwaka 1992, mtafiti Manohar Panjabi na wenzake walichunguza viuno vya maiti vilivyoondolewa misuli yote, vikabaki mifupa, diski na kano. Vilipinda na kushindwa kusimama kwa mzigo wa kilo 9 tu hivi. Mtu mzima hubeba zaidi ya kilo 30 juu ya kiuno chake kila anaposimama. Kwa hiyo misuli ndiyo inayotusimamisha, kama kamba zinavyoshikilia mlingoti wa jahazi.

Kumchoma kila mgonjwa sindano ndani ya diski ili kupima mzigo huo hakuwezekani. Huko Ujerumani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, mtu mmoja alijitolea kuwekewa kipimo cha shinikizo ndani ya diski. Alipolala chali kilisoma megapaskali 0.1, aliposimama, 0.5, alipoinua kilo 20 huku mgongo umejikunja, 2.3. Aliposhika uzito uleule karibu na mwili, kilisoma 1.1. Namba hizo za mtu mmoja hutumika hadi leo kupimia kama modeli za kompyuta, zinazoiga kiuno kwa hesabu, zinasema kweli.

Modeli moja inayotumiwa sana ilichapishwa mwaka 2012 na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ndani ya programu ya OpenSim iliyoanzishwa Stanford. Ina mafungu 238 ya misuli, kila fungu na mahali linapojishikiza na nguvu linayoweza kutoa. Mtafiti huingiza jinsi mwili unavyokwenda, programu ikakokotoa nguvu za misuli. Tatizo ni kwamba mafungu ni mengi kuliko milinganyo, hivyo majibu yanayowezekana hayana idadi. Ndipo programu hupewa kanuni: chagua jibu linalotumia juhudi ndogo zaidi.

Mwili hai haufuati kanuni hiyo kikamilifu, na kwangu hapa ndipo penye somo kubwa. Vipimo vya umeme wa misuli huonyesha kwamba misuli ya tumbo na ya mgongo mara nyingi hukaza kwa pamoja, hata pale ambapo hesabu inasema ya tumbo ipumzike. Ubongo unakubali kuziongezea diski mzigo ili kiuno kisiyumbe. Wengi wenye maumivu ya muda mrefu hukaza kupita kiasi, wakihofia kuumia tena. Wakati nao una uzito wake: mwaka 1996 watafiti wa Australia walionyesha kuwa msuli wa ndani kabisa wa tumbo hutangulia kukaza kabla mkono haujainuka, na kwamba kwa wenye maumivu ya kiuno ulichelewa.

Ndiyo maana nasema tumekosea kuutazama mgongo kama mfupa tu. Picha ya eksirei haionyeshi amri za ubongo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza elimu na mazoezi, na haupendekezi mikanda ya kiuno kama tiba ya kawaida. Modeli nazo bado ni zana za utafiti. Hakuna inayoweza kukuambia wewe unaumwa nini.

Basi ndoo isogeze karibu na mwili kabla ya kuinyanyua, na usiache kutembea kwa sababu ya maumivu ya kawaida. Ila maumivu yakija pamoja na ganzi sehemu za siri, miguu kulegea, au kushindwa kuzuia mkojo au choo, hiyo ni dharura: nenda hospitali siku hiyohiyo.